Ujuzi usilale kwa mtu mmoja: mwongozo kwa timu ndogo za programu Mwanza

Timu nyingi za kutengeneza mifumo hapa Mwanza ni ndogo. Ni watu watatu au wanne, chumba kimoja ghorofani mjini kati au Nyakato, na wateja mchanganyiko: duka la vifaa vya ujenzi Igoma, zahanati, shule binafsi, SACCOS, wanunuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba. Tatizo lao kubwa si kukosa akili wala kukosa kozi. Tatizo ni kwamba ujuzi wa kazi umelala kwa mtu mmoja. Siku huyo akiitwa Dar es Salaam kwa mshahara mara mbili, au akianza kufanyia kazi kampuni ya nje akiwa sebuleni kwake, mifumo ya wateja inabaki bila mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza timu ya namna hiyo. Mpangilio wa hatua ni wa makusudi: kwanza mnyooshe njia ambayo kazi inapita, ndipo mfundishane kupitia njia hiyohiyo. Ukianza na semina ukaacha njia ilivyo, vijana watarudi na vyeti na kuikuta foleni ileile.

1. Fuatilieni kazi moja tangu kwa mteja hadi inapotumika

Chagueni ombi moja dogo lililokamilika karibuni. Msichague mradi mkubwa, mtapotea humo. Tuseme mteja wenu ananunua dagaa na anatumia mfumo wenu kupokea mzigo. Wavuvi wanampimia kwa ndoo, yeye anauza kwa kilo, na ameomba risiti ionyeshe vyote viwili. Bandikeni karatasi kubwa ukutani, timu nzima isimame mbele yake, na kila aliyegusa kazi hiyo aandike alichofanya na siku aliyofanya.

Mara nyingi hadithi inayojitokeza ni ya namna hii. Jumatatu mteja alimpigia mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa safarini Geita, akaliandika ombi kwenye grupu la WhatsApp Jumatano, nalo likafunikwa na ujumbe mwingine. Ijumaa developa (mwandishi wa programu) akaliona, akauliza, "Ndoo moja ni kilo ngapi?" Jibu likaja Jumanne iliyofuata, kwa sababu namba ya mteja anayo mkurugenzi peke yake. Kuandika msimbo, yaani maagizo ya programu, kulichukua saa tatu za siku hiyohiyo. Kisha kazi ikasubiri siku tatu mtu wa kuijaribu. Kisha siku tatu nyingine kusubiri nywila ya seva (kompyuta inayoendesha mfumo), maana anayeijua alikuwa msibani Sengerema. Wiki mbili kamili, na kazi yenyewe ni saa tatu.

Sasa chukueni kalamu nyekundu, mzungushie kila mahali ambapo kazi ililala ikisubiri mtu. Nyekundu zitakuwa nyingi kuliko mlivyodhani, na karibu zote hazihusiani na uhodari wa kuandika msimbo. Kumpeleka kijana kozi ya lugha mpya ya programu kusingempunguzia mteja huyu hata siku moja.

Msijaribu kufuta nyekundu zote kwa pamoja. Chagueni moja, ile iliyokula siku nyingi zaidi. Katika mfano huu ni lile swali la ndoo, lililolala tangu Ijumaa hadi Jumanne, na dawa yake ni kumruhusu developa azungumze na mteja moja kwa moja. Wakurugenzi wengi hulikataa hili kwa hofu kwamba kijana ataharibu uhusiano au atamchukua mteja. Naielewa hofu hiyo, lakini gharama yake ni kubwa mno. Mpelekeni developa mwaloni alfajiri, mzigo unaposhuka, akae pembeni ya anayepima. Ataona mwenyewe kwamba ndoo ya dagaa wabichi na ndoo ya dagaa wakavu hazilingani uzito, na kwamba swali la "ndoo moja ni kilo ngapi" halina jibu moja. Akirudi ofisini hataandika namba hiyo ndani ya msimbo. Ataiweka kwenye mipangilio, mteja aibadilishe mwenyewe kulingana na mzigo wa siku. Hakuna kozi ambayo ingemfundisha hivyo. Na kwa wateja wa ng'ambo ya ghuba kisingizio kimepungua: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kumfuata mteja Sengerema hakuhitaji tena kukaa kwenye foleni ya kivuko.

2. Punguzeni kazi zilizo mkononi

Hesabu ya foleni aliithibitisha John Little wa Marekani mwaka 1961, na ni rahisi: muda ambao kazi hukaa kwenu, kwa wastani, ni idadi ya kazi zilizo mkononi ugawanye kwa kasi mnayomalizia. Timu yenye kazi 12 zilizoanzwa, inayomaliza 3 kwa wiki, itamweka kila mteja wiki 4. Kazi hizo zikishuka hadi 6, huku kasi ikiwa ileile, mteja anangoja wiki 2. Hakuna aliyekimbia zaidi, hakuna aliyekesha.

Toyota ya Japani ilijenga viwanda vyake juu ya wazo hili, chini ya Taiichi Ohno, kwa kadi zilizozuia sehemu moja ya kiwanda kuzalisha kuliko sehemu inayofuata inavyohitaji. Nyinyi mnahitaji ukuta na vipande vya karatasi. Safu nne zinatosha: inasubiri, inafanywa, inajaribiwa, inatumika. Kila mtu awe na kazi moja kwenye "inafanywa", na ya pili tu pale ya kwanza inaposubiri jibu la mteja. Safu ya "inajaribiwa" ikijaa, hakuna anayeanza kazi mpya. Wote wanaenda kujaribu.

Ugumu uko kwenye kumwambia mteja. Wengi wetu tumezoea kujibu "tunaifanyia kazi" hata kama hakuna aliyeigusa, kwa sababu kukataa kunaonekana utovu wa adabu. Jaribuni kusema hivi: "Mama, ombi lako tumelipokea, ni la tatu kwenye foleni, tutalianza Jumatatu. Kama lina haraka kuliko lile la ripoti uliloomba mwanzoni, tuambie tubadilishe." Mteja anapopewa nafasi ya kuchagua mwenyewe, mara nyingi hutulia. Anachokichukia ni kupiga simu kila siku na kuambiwa neno lilelile.

Mradi ukichelewa, msikimbilie kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni wanahitaji kufundishwa na wale wale walioelemewa.

3. Wekeni kila kitu kwenye Git, na kupandisha mfumo kuwe amri moja

Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu waliotawanyika dunia nzima, na inatufaa sana sisi wa kanda hii kwa sababu moja: historia yote ya msimbo iko kwenye laptopu ya kila mtu. Umeme ukikatika na ruta ikazima, developa anaendelea kuhifadhi mabadiliko yake, kufungua matawi (nakala za pembeni za kujaribia) na kulinganisha na ya jana, bila bando. Mtandao ukirudi anayasukuma. Kama bado mnatumiana mafaili ya zipu kwa WhatsApp, acheni hatua nyingine zote muanze hapa.

Kupandisha mfumo kwenye seva kusifanywe kwa kukumbuka. Andikeni skripti, faili la amri zinazojiendesha zenyewe, inayofanya hatua zote kwa mpangilio: kuchukua nakala ya hifadhidata, kuleta toleo jipya, kubadilisha majedwali, kuwasha upya, kuhakikisha ukurasa wa kwanza unafunguka. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipandisha programu mpya ya kununua na kuuza hisa kwenye seva zake kwa mkono. Seva moja kati ya nane ilisahaulika, ikabaki na msimbo wa zamani uliokuwa hautumiki tena, na soko lilipofunguliwa msimbo huo ukaamka. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Mfumo wa duka la Igoma hauna fedha hizo, lakini mwenye duka akifungua asubuhi na mauzo hayaingii, kwake ni hasara ya kweli.

Nakala za akiba ni suala la kurejesha, si la kuhifadhi. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa wengine mtandaoni, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Njia zao tano za kuhifadhi na kunakili data zilikuwepo, na hakuna hata moja iliyofaa walipoihitaji. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi mtu mmoja, tofauti na wa mwezi uliopita, achukue nakala ya karibuni, airejeshe kwenye kompyuta tupu na kufungua mfumo. Aandike ilichukua dakika ngapi. Asipoweza, basi nakala hamna.

Nywila zikae kwenye programu ya kutunzia nywila, na kila seva ifikiwe na watu wawili angalau. Nywila kwenye daftari la mtu mmoja ndiyo ile nyekundu ya msibani Sengerema.

Chagueni pia siku ya kupandisha kwa kuangalia kalenda ya mteja. Uvuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, taa zikiwashwa ziwani. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika na mwaloni hupoa. Kwa mnunuzi wa dagaa, siku hizo ndizo za kubadilisha mfumo. Mwenye duka aliyesajiliwa VAT msimguse siku zinazokaribia tarehe 20, anapoandaa ritani za TRA. Shule msiziguse wanafunzi wanaporudi Januari. Na kwa wote, msipandishe Ijumaa jioni.

4. Kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili

Michael Fagan wa IBM alichapisha mwaka 1976 utaratibu wa kukagua msimbo kwa macho kabla haujatumika, na hadi leo sijaona njia bora ya kukamata makosa na kufundisha kwa wakati mmoja. Sheria iwe moja: hakuna kinachopanda kwenye seva ambacho mtu wa pili hajakisoma, hata kama kimeandikwa na mkurugenzi. Badiliko liwe dogo. Likizidi mistari 400 hivi, msomaji huanza kupitisha macho tu, na baada ya hapo ni saini isiyo na maana.

Namna ya kupitia ndiyo yenye mafunzo. Chukueni namba za simu, ambazo kila mfumo wa Tanzania unazo. Kijana ameandika usajili wa mteja, na ameweka sharti kwamba namba ianze na 07. Anayepitia asiandike "hii mbovu". Aulize: "Mteja wa Airtel mwenye 068 au wa Halotel mwenye 062 atasajiliwaje? Na namba iliyonakiliwa kutoka WhatsApp ikiwa na +255 na nafasi katikati?" Kijana akikaa na maswali hayo ataona zaidi ya alichoulizwa. Mtu mmoja anaweza kuingia kwenye mfumo mara tatu, kwa 0, kwa 255 na kwa +255, na deni lake likagawanyika katika majina matatu bila mwenye SACCOS kujua. Dawa ni kugeuza kila namba kuwa umbo moja kabla ya kuihifadhi, 255 ikifuatwa na tarakimu tisa, na kazi hiyo ifanyike mahali pamoja ndani ya msimbo, isinakiliwe kwenye kila fomu. Hilo ni somo zima, na limetoka kwenye kazi ya siku.

Kuna jambo la adabu ambalo vitabu vya nje havitalizungumzia. Kijana aliyetoka chuo juzi hatamkosoa kaka aliyemfundisha kazi, si mbele za watu. Atasoma, ataona kosa, ataandika "safi". Kiongozi ndiye wa kuvunja hilo, na njia ni kumpa kijana msimbo wa mkongwe auulize maswali: "Kaka, hapa sijaelewa kwa nini riba inakokotolewa kabla ya kutoa marejesho." Swali si utovu wa heshima. Mkongwe akijibu kwa utulivu mara moja, au akisema "umeona vizuri, narekebisha", timu nzima imejua kwamba inaruhusiwa. Akijibu "wewe bado mdogo", mapitio yamekufa siku hiyo, na kiongozi aongee naye faraghani kabla ya jioni.

Maoni yaandikwe kwa Kiswahili kama ndivyo mnavyozungumza. Kijana anayeeleza tatizo kwa lugha anayoimudu hulieleza hadi mwisho.

5. Kila hitilafu iache jaribio nyuma yake

Timu ndogo haiwezi kuandika majaribio ya mfumo mzima uliokwisha kujengwa, na msijilazimishe. Kuna sheria nyepesi zaidi: hitilafu ikiripotiwa, andikeni kwanza jaribio linaloionyesha, mlione likishindwa, ndipo mrekebishe mpaka lipite. Baada ya miezi michache majaribio yatakuwa yamejikusanya palepale mfumo wenu unapovunjika kwa kawaida.

Mfano unaojirudia katika kanda hii ni wa saa. Seva nyingi za kukodi hutumia saa ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mauzo ya saa nane usiku huandikwa kwa tarehe ya jana. Kwenye duka linalofungwa jioni hakuna atakayegundua kwa mwaka mzima. Mpelekee mfumo huohuo mtu anayepokea samaki usiku, na hesabu za siku hazitalingana kamwe, naye atadhani karani anamwibia. Fikirieni hilo vizuri: mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya mpangilio wa saa kwenye seva. Jaribio lake ni fupi. Ingizeni mauzo ya saa 5:59 usiku na mengine ya saa 6:01, kisha ombeni ripoti ya kila siku. Yakiangukia tarehe moja, mna kazi ya kufanya.

6. Chora jedwali la nani anajua nini

Kushoto andikeni mambo ambayo timu lazima iyaweze: kupandisha mfumo, kurejesha nakala, kuunganisha malipo ya simu, ripoti za SACCOS, printa za risiti, kumhudumia mteja fulani. Juu andikeni majina. Kila kisanduku kiwe na alama moja kati ya tatu: anaweza peke yake, anaweza akisaidiwa, bado. Mstari wowote wenye "peke yake" mmoja ni hatari. Kila mwezi chagueni mistari miwili ya namna hiyo na muihangaikie.

Namna ya kuhamisha ujuzi ni kukaa wawili kwenye kompyuta moja, jambo ambalo Kent Beck na wenzake walilifanya desturi ya kazi miaka ya 1990. Mara ya kwanza mjuzi anafanya na mwenzake anauliza. Mara ya pili mwanafunzi ndiye mwenye kibodi, na mjuzi anatumia mdomo tu. Hapa ndipo penye kazi. Mjuzi ataona mwenzake anahangaika na jambo la sekunde kumi, mkono utamwasha, atataka kunyakua kibodi. Asinyakue. Dakika hizo za kuhangaika ndizo zinazobaki kichwani. Mara ya tatu mwanafunzi anafanya peke yake, na mjuzi yuko kwenye simu.

Lakini mjuzi ana sababu ya kuficha. Anajua kwamba akiwa peke yake anayeiweza seva, hafukuzwi. Kiongozi asilichukulie hili kama ubaya wa moyo. Ni hesabu ya mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto. Ibadilisheni hesabu hiyo waziwazi: nyongeza ya mshahara iangalie mangapi mtu amewawezesha wengine kufanya, na tamkeni hivyo mbele ya wote. Timu isiyoweka hili kwenye mshahara itaendelea kuhubiri kufundishana bila kufundishana.

Wanafunzi wa fildi kutoka vyuo vya hapa, kama CBE na DIT kampasi ya Mwanza, ni kipimo kizuri cha utaratibu wenu. Siku ya kwanza mpeni mmoja wao maelezo ya kuandaa kompyuta ya kazi, afuate neno kwa neno, na kila anapokwama arekebishe maelezo hayo. Lengo la wiki ya kwanza liwe badiliko moja dogo, lililopitiwa, linalotumiwa na mteja wa kweli: neno lililokosewa kwenye risiti, safu moja kwenye ripoti. Kijana aliyeona kazi yake ikitumika Kirumba hataacha kujifunza. Kumtuma chapati na vocha kwa wiki nane ni kumdhulumu yeye na chuo chake.

Msimpe nakala ya data halisi ya wateja ajaribie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, namba za simu na madeni ya watu hayana ruhusa ya kuzurura kwenye laptopu za wanafunzi. Tengenezeni data ya uongo yenye sura ya kweli.

7. Mfumo ukianguka, kaeni mjifunze kabla ya kutafuta wa kulaumu

Amy Edmondson wa Harvard alipochunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoshirikiana vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi kuliko nyingine. Hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wake hawakuogopa kusema. Timu ya programu inayofokeana hupata ukimya, na ukimya ndio unaoua mifumo.

Ndani ya siku mbili baada ya tatizo kaeni na muandike nini kilitokea saa ngapi, nani aliona nini wakati huo, na kwa nini hatua aliyochukua ilionekana sahihi kwake. Kisha ulizeni "kwa nini" mara kadhaa, kama walivyofanya wale wa Toyota. Mteja wa zahanati kalipa mara moja kwa simu, mfumo umeandika mara mbili. Kwa nini? Taarifa ya muamala ilifika mara mbili. Kwa nini? Mtandao ulikatika kabla seva yetu haijajibu, mtoa huduma akaituma tena, na ana haki ya kufanya hivyo. Kwa nini tukaiandika tena? Kwa sababu hifadhidata haikatai namba ya muamala iliyokwisha kuingia. Hapo mmefika kwenye kitu cha kurekebisha: namba ya muamala iwe ya kipekee, ya pili ikija ijibiwe "imepokelewa" bila kuandikwa tena. Kama mngeishia kwenye "Juma hakuwa makini", hitilafu ingerudi Juma akiwa likizo.

Mbali na matukio, kila wiki mbili fanyeni kikao cha dakika 45 cha kutazama utaratibu wenyewe. Mdogo kuliko wote azungumze kwanza, bosi wa mwisho. Bosi akitangulia, wengine watarudia maneno yake kwa heshima. Tokeni na badiliko moja tu, lenye jina la mtu, na kikao kijacho kianze kwa kuuliza lilifikia wapi.

8. Pimeni mambo manne, kwenye daftari

Nicole Forsgren na wenzake wamekusanya kwa miaka mingi takwimu za timu za programu duniani, na vipimo vinne walivyovipendekeza vinatosha hata kwa watu watatu: mnapandisha mara ngapi, badiliko huchukua muda gani tangu limalizwe kuandikwa hadi litumike, mangapi kati ya mnayopandisha huleta tatizo, na tatizo likitokea mnarudisha huduma baada ya muda gani. Andikeni kwa mkono kila mnapopandisha. Msivitumie kumpima mtu mmoja mmoja. Mkifanya hivyo, watu watapendezesha namba na mtabaki hamjui kitu.

9. Mtu anapoondoka

Ataondoka, na ana haki. Mshukuruni, na msimfungie mlango wala kumkatia mawasiliano. Akishatoa notisi, asipewe kazi mpya. Muda uliobaki autumie kwenye mistari ya jedwali iliyobaki na jina lake peke yake, mwenzake akishika kibodi. Wiki ya mwisho abaki ofisini bila kugusa kitu, na timu ipandishe toleo moja na kurejesha nakala moja bila kumuuliza. Watakapokwama ndipo aseme, na kinachosemwa kiandikwe kwenye maelezo. Mpelekeni kwa wateja aliowahudumia, awatambulishe kwa anayechukua nafasi yake, uso kwa uso. Siku ya mwisho jioni badilisheni nywila za seva alizokuwa nazo, ondoeni funguo zake za SSH (za kuingilia seva kwa mbali) na akaunti yake ya Git, hamisheni majina ya tovuti na akaunti za kukodi seva zilizosajiliwa kwa barua pepe yake, na mhakikishe simu ya kuthibitishia malipo ya seva iko kwa mtu aliyebaki.